Mvumo wa Chini ya Kitanda

Vijana wa droni walishafunga vifaa vyao wakarudi Korogwe, lakini mvumo bado ulisikika, na Zuena angeapa kwamba ulitoka chini ya kitanda cha mama mkwe wake.

Wiki nzima droni ilikuwa imezunguka Kwedizinga ikipima mashamba. Mbuzi walikata kamba, watoto waliikimbilia wakishangilia, wazee waliilaani kwamba inawachungulia watu bafuni. Bi Husna, mama mkwe, yeye alitabasamu. Alikuwa na jini wa kurithi, aliyenyamaza tangu mumewe afariki, na aliposikia ule mvumo juu ya paa akajua amerudi. Jini wa ukoo hafukuzwi, hupokewa. Basi akafukiza ubani, akachinja kuku mweusi, akakinga damu kwenye bakuli.

"Karibu mgeni wangu," alinong'ona. "Nyumba yako hii, na vilivyomo vyako."

Zuena aliyasikia hayo akiwa mlangoni, ila mkwe haambiwi neno. Lakini katika hivyo vilivyomo alikuwemo Maryamu, binti yake mchanga, na tangu siku ile mtoto alikataa kunyonya. Mashavu yalianza kubonyea.

"Baba Maryamu, hii sauti imo ndani," alimwambia mumewe kwa sauti ya chini.

"Aa, si wale wale tu wamerudi," Sufiani alijibu, akatazama juu.

Kila aliyeusikia mvumo alitazama juu. Hakuna aliyeinama.

Akainama Zuena. Ilikuwa mchana, Bi Husna amekwenda kisimani. Alifunua shuka, na uvundo ukampiga usoni hadi machozi yakamtoka, akaliona lile bakuli, damu imekuwa nyeusi na kuganda utando kama uji uliolala, nzi wametanda juu yake wametulia kimya, hakuna hata bawa moja lililotikisika, ilhali mvumo ulikuwa unatoka chini yao, ndani ya damu yenyewe, na alipolivuta bakuli kidogo ule utando ukapanda, ukashuka, ukapanda tena, ukipumua. Alitoka mbio kumwita mumewe aje aone.

Safari hii Sufiani hakubisha. Alimleta mganga kutoka Dindira, Mzee Mdoe, ambaye alilitazama bakuli mara moja tu kisha akaziba pua kwa kanzu.

"Dada, jini wako alikuwa na jina. Huyu ulimuuliza jina kabla ya kumkaribisha?"

Bi Husna alitikisa kichwa. "Sikumuuliza. Nilijua ni wangu."

"Umemkaribisha asiye wako."

Mzee Mdoe aliifukia ile damu mbali na nyumba, akafukiza vyumba vyote, akasoma hadi sauti ikamkauka. Mvumo ukapanda kwenye kenchi za paa, ukagonga bati, ukatoka. Kimya kikashuka. Maryamu akalia kwa njaa, na alipopewa ziwa akalikamata kwa pupa. Zuena alilia kwa furaha, akambusu utosini, akamshukuru Mungu.

Halafu chuchu ikaanza kumtekenya. Alihisi vijiguu vidogo vidogo vikitembea ndani ya kinywa cha mtoto, vingi, na uvundo ule ule ukimpanda puani, na mtetemo ukiingia ziwani, ukisambaa mbavuni. Alijaribu kumbandua. Mtoto alizidi kung'ang'ania, macho yametulia kimya.

Nje, Sufiani aliacha kupasua kuni. Alikinga jua kwa kiganja, akatazama juu.

"Mama Maryamu! Mbona wale wamerudi tena?"