Mchumba Asiyekula Nyama

Hakuna mtu katika Shinyanga nzima anayeijua habari ya Limi na Marselino kuliko mimi. Labda Limi mwenyewe. Na Marselino. Na Mageni, shoga yake Limi, na mtaa wote wa nyuma ya soko. Lakini hao wana kazi zao na mimi sina, kwa hiyo kaeni niwasimulie.

Ilikuwa miaka ile baada ya vita kubwa kwisha, pamba ilipopanda bei hadi wakulima wakawanunulia baiskeli watoto ambao hata kutambaa hawajaanza. Limi binti Maige alikuwa akichambua pamba kiwandani, karibu na reli. Kengele ya jioni ikilia, wenzake walitembea, yeye alikimbia, nyuzi za pamba zimemkaa kichwani kama mvi za kuazima. Mama yake alikwisha fariki. Nyumbani walimngoja baba yake na wadogo zake, na matumbo yao hayakutaka kusikia habari za kiwanda.

Jioni moja alikuwa amechutama sokoni akichagua nyanya, fungu la mchicha amelilaza chini kando yake. Mwanaume mmoja aliyekuwa akibishana na muuza vitunguu alirudi nyuma hatua moja, akatua juu ya ule mchicha kwa kiatu chote. Limi akainua macho. Aliona soksi ndefu, kisha kaptula ya kaki iliyonyooshwa kwa pasi hadi mkunjo wake ungeweza kukata mkate, kisha kofia ya pama, na chini ya kofia uso wa kijana ambaye bado hajajua amefanya nini.

"Kaka, umesimama juu ya chakula cha baba yangu."

Kijana akatazama chini. "Kwani baba yako ni sungura?"

"Ni sungura mwenye fimbo. Njoo umwambie mwenyewe."

Limi alitania, mwanaume akaona ni mwaliko. Wanaume wa namna hiyo wapo duniani. Mimi tu ndiye sikubahatika. Alinunua mchicha mwingine, akaubeba mwenyewe. Jina lake alisema ni Marselino, fundi wa lori la mgodi wa dhahabu kule Geita. Kila wiki lori lilikuja Shinyanga kupakia mahindi ya wachimbaji. Mageni, aliyefanya kazi na Limi na kukaa nyumba ya jirani, alikuwa nao njiani. Limi alitangulia kwa haraka zake, na nyuma aliwasikia wale wawili wakinong'ona kama watu waliofahamiana tangu ubatizo.

Nyumbani Marselino alimwamkia Mzee Maige shikamoo kwa magoti mawili, akaketi kwenye kigoda, akamtazama Limi akipika. Na kweli lilikuwa jambo la kutazamwa. Choroko alikwisha ziloweka alfajiri kabla ya kwenda kazini, hivyo ziliiva maji yalipochemka tu. Unga wa mahindi aliumwagia maji ya moto, akaukanda ukingali unachoma vidole, maana ukipoa hupasuka pembeni kama kisigino cha mchunga ng'ombe. Akaufunika kitambaa kibichi. Kisha vidonge, kisha viganja, pa, pa, pa, na chapati nyembamba zikatua kwenye chuma cha moto zikivimba na kunukia. Choroko zikapondwa na kitunguu, mchicha ukaguswa na moto kidogo tu, nyanya zikakatwa mbichi pamoja na pilipili. Kila chapati aliipokea kiganjani ingali laini, akaijaza, akaitia maziwa ya mgando juu, akaikunja katikati. Wadogo zake waliviita vikunjo. Jua lilikuwa halijazama, na watu walikuwa wanatafuna.

Hapo ndipo wachumba wote waliotangulia walipoangukia. Walikuja wamejipaka mafuta, wakanawa, wakatazama sahani, wakauliza nyama iko wapi. Limi aliwajibu kwamba nyama hutaka jioni nzima jikoni, na yeye jioni nzima hana. Mwenye kuitaka akaoe mwenye bucha. Sababu nyingine hakuwaambia. Mama yake alikuwa Mzinza wa Kharumwa, na mwiko wa ukoo wao, ambao kwao huitwa muziro, ulikuwa ng'ombe mwenye michirizi. Sasa bucha hawauzi nyama pamoja na ngozi yake. Mama wa watu angejuaje anakula ng'ombe yupi? Akaacha nyama yote. Limi mwenyewe alikuwa wa ukoo wa baba, na harusini alikula minofu kama wengine, lakini lile jiko lilikuwa la mama yake, na aliliacha kama alivyolikuta.

Mzee Maige alimtazama mgeni akimaliza kikunjo cha kwanza, akamwuliza kama hakuikosa nyama.

"Mimi siili, baba," alisema Marselino, akifuta maziwa mdomoni. "Ni mwiko wa ukoo wetu. Ng'ombe wa michirizi. Na bucha hawakuonyeshi ngozi."

Limi alikuwa na chapati kiganjani. Iliungua, kiganja nacho kikaungua, na hakusikia kimojawapo. Maneno ya mama yake, yale yale, yametoka kwenye kinywa cha mwanaume mwenye kofia ya pama. Alijiambia kwamba huyu Mungu kamleta kwa lori.

Tangu siku hiyo kila lori lilipoingia mjini Marselino alikuwa na kisingizio. Mara amesahau spana, mara anataka kujua kama mchicha ulipona. Alimwita Limi "asali wangu wa Geita", Limi akamjibu kwamba Geita hakuna asali, kuna mawe, na yeye ni mojawapo. Walicheka hadi Mzee Maige akakohoa nyuma ya ukuta. Kuposa tu ndiko kulikokuwa hakuji. Kila Limi alipomwuliza ni nani atakuja kumsemea kwa baba, Marselino alianza kueleza habari za gia.

Mwisho akaja mtu ambaye hakuna gia ingemkimbia. Mama mkubwa Scolastika, dada mkubwa wa marehemu mama yake Limi, alisikia huko Kharumwa kwamba binti amepata mtu. Akapanda basi, akaingia na khanga zake mbili na macho yake makali. Alisubiri mgeni ale ashibe, kwani alisema mtu mwenye njaa hujibu ovyo. Kisha akamwuliza swali ambalo kila mkwe wa kwao huulizwa kabla ya jingine lolote: mwiko wenu nini?

Marselino alimtazama Limi, akamtazama Mzee Maige, ambao wote walikwisha sikia jibu. Akalirudia, safari hii polepole.

Mama mkubwa aliweka kikombe chini. Alinyanyuka, akamshika kijana mashavu, akamgeuza uso kwenye mwanga wa mlango. Kisha akaanza kulia.

"Huyu ni wa kwetu," alisema. "Watu wa muziro mmoja ni damu moja, na mtoto wa dada ni damu hiyo hiyo. Limi, mwanangu, huyu si mchumba. Huyu ni kaka yako."

Basi hapo nyumba ilichanganyikiwa, na aliyechanganyikiwa kuliko wote alikuwa Limi. Mzee Maige alisema kwamba mambo ya upande wa mke hayaingilii, akatoka nje kutazama mbuzi, na mbuzi hawana. Wadogo zake walishangilia kupata kaka mwenye lori. Limi alijaribu kumtazama Marselino kama kaka. Alianzia chini, kwenye soksi, na mpaka magotini aliweza. Kupanda juu zaidi ya hapo undugu ulimtoka.

Na Marselino mwenyewe hakueleweka. Mtu aliyenyang'anywa mchumba hulalamika, huyu aling'aa. Mama mkubwa alimwita mwanangu, akamtuma maji, akamgombeza kwa kuvaa shati lenye jasho, na kila alipogombezwa alitabasamu kama amepewa zawadi. Limi akamkuta uani, akamwuliza pembeni, kwa sauti ya chini, bila kuzunguka.

"Ni kweli wewe ni kaka yangu?"

Marselino alishika kifungo cha shati. "Mama mkubwa amefurahi sana."

"Sikukuuliza habari za Mama mkubwa."

"Amenishonea kifungo, Limi." Alimwonyesha kwenye shati, uzi mweusi kwenye shati jeupe. "Misheni tulikuwa watoto wengi. Hakuna mtu aliyepata kunishonea kifungo changu mimi."

Limi hakujua alie au ampige kwa kata. Alikuja na hasira, akaondoka na huruma, na jibu hakupata. Kabla hajafika mlangoni akamwita kaka kwa makusudi, amjaribu. Marselino akaitika "naam, mpenzi", kisha akagonga kichwa kwenye nguzo ya jiko alipogeuka haraka kukimbia.

Ndipo Mama mkubwa akatangaza mpango wake. Lori likirudi Geita atapanda nalo, washuke Kharumwa, akamwonyeshe kijana kwa wazee wa ukoo. Na kwa kuwa kijana ni mzima na ana kazi, atamtafutia mke huko huko. Tayari alikuwa na binti mmoja machoni, mnene, mwenye adabu. Marselino alisikia hayo akiwa na kikunjo mdomoni, akapaliwa. Limi naye akasema neno moja tu, kwamba ni vizuri.

Asubuhi ya safari Limi hakwenda kiwandani. Alikanda unga, akapika vikunjo vya njiani, akavifunga kwa kitambaa. Vikunjo vilikuwa vichache, furushi likawa kubwa. Mimi sikuuliza. Alimwambia baba yake anakwenda kumuaga kaka, na Mzee Maige akamtazama muda mrefu, akamwambia aende salama, maneno ambayo mtu hamwambii anayekwenda sokoni.

Lori lilikuwa limeegeshwa karibu na bucha, limejaa magunia. Mama mkubwa alikuwa tayari pale, akimfundisha dereva namna ya kuendesha. Fundi hayupo. Limi akazunguka nyuma ya bucha, mahali ambapo ngozi hutandazwa juani, zimewambwa kwa vigingi. Katikati ya zile ngozi, kwenye jiwe, alikaa Marselino na kofia yake ya pama, akimguguna ng'ombe mbavu kwa mikono miwili, macho amefumba kama mtu anayesali.

Limi alisimama.

"Unakula nini?"

Marselino aliruka. Mkono ulikwenda nyuma ya mgongo. "Muhogo."

"Muhogo una mfupa?"

"Huu wa Shinyanga ni mkavu sana."

Limi alitazama ngozi pekee iliyokuwa bado mbichi, ya ng'ombe wa asubuhi ile, karibu na mguu wa Marselino, inzi bado wanaishangaa. Ilikuwa nyekundu, na kuanzia shingoni hadi mkiani imechorwa michirizi myeusi, mmoja mmoja, kama aliyeichora alikuwa anashindania tuzo. Hakupata kuona kitu kizuri kama hicho maishani mwake. Alimwita Mama mkubwa kwa sauti iliyofika stesheni.

Mama mkubwa alikuja, akaona ngozi, akaona mfupa. Kwao mtu akila muziro wake meno humtoka na mwili hubabuka, hilo hata mtoto anajua. Akamshika Marselino kidevu.

"Fungua."

Marselino akafungua. Mama mkubwa akayakagua meno moja moja, akayatikisa kwa kidole. Akampandisha mikono ya shati, akamgeuza shingo. Hakuna hata kipele. Akamwachia, akaketi kwenye jiwe lile lile, amechoka ghafla.

"Huyu si wa kwetu," alisema.

Ndipo Marselino akasema yote, akitazama viatu vyake. Ukoo hana. Aliokotwa akalelewa misheni, na miko ya watu haijui. Jioni ile ya mchicha Mageni alimwambia njiani jinsi wachumba walivyoshindwa, akamwambia na habari za mama yake Limi, naye akaona akiwa kama mama atapendwa kama mama. Hakujua kwamba kumbe huko ndiko kujigeuza ndugu. Na alipojua, alikwisha itwa mwanangu, ulimi ukawa mzito.

"Ningekuambia, Limi. Nilikuwa natafuta namna ya kusema bila kumpoteza mmoja wenu, na sikuipata."

Limi alimwambia yeye ni jiwe la Geita kweli kweli. Lakini alilisema akiwa amemshika ule mkono wenye mafuta, mbele ya Mama mkubwa, na hakuuachia.

Mama mkubwa alijifuta macho kwa ncha ya khanga. Alijifunga khanga upya kiunoni, na mtu aliyemjua angeogopa.

"Mtu hawezi kuposa bila mwenye kumsemea," alisema hatimaye. "Kwa Maige nitakwenda mimi, nitakaa upande wako wa mkeka. Ila kuanzia sasa usiniite mama, utaniharibia harusi."

Marselino akashukuru kwa Kisukuma, wabeja, mama, akaziba mdomo. Limi alicheka hadi machozi, akasema basi na arudi nyumbani kumwandaa baba, kwani yeye alikuja kuaga tu, ameleta vikunjo vya kaka vya njiani, hakuna kingine.

Mama mkubwa akanyoosha mkono, akalipokea lile furushi, akalipima uzito. Akalifungua magotini taratibu. Juu palikuwa na vikunjo. Chini ya vikunjo palikuwa na kitana, sabuni, viatu vya Jumapili, na gauni jipya la maua lililokunjwa vizuri.

"Na hili," aliuliza, akilinyanyua juu mbele ya ngozi zote, "kaka yako alikuwa alivae wapi?"