Aliyevuta Kamba za Joho la Mfalme

Ilianza harufu: tope la mfereji, ndani ya karakana ambayo Pang Yushan aliifagia kila asubuhi, pale Nanjing. Hakuijali. Tangu mkewe Huilan afe kwa homa, mambo mengi hakuyajali.

Kitanda cha kufumia joho la mfalme kinataka watu wawili. Mmoja hukaa juu akivuta kamba zinazoinua nyuzi. Wa pili, chini, hupitisha hariri na dhahabu. Huilan ndiye aliyekaa juu miaka yote. Sasa kiti chake kilikuwa kitupu, na joka lililokuwa likifumwa kwenye joho lilikuwa limeishia kifuani.

Adhuhuri moja ya mvua, kamba zikavutwa.

Yushan akajua ni Huilan amerudi, machozi ya furaha yakamtoka. Hakuinua macho, asije akamfukuza. Alifuma tu. Joka likapata makucha matano, yale ya mfalme peke yake. Popo wekundu wa heri wakajipanga mawinguni. Siku baada ya siku akawa anamsimulia habari za majirani, anacheka. Juu hakukujibiwa. Matone tu yalimdondokea shingoni, ya baridi, naye akajiambia paa linavuja.

Wakafika kwenye pindo la joho, pale hufumwa mlima uliosimama katikati ya mawimbi ili nchi ikae imara. Mawimbi yakaja, yakaja tena, yakapanda, na mlima haukutokea, na kila alipotaka kuizuia mikono yake ikazidi kufuma, huku tope likimjaa puani na kooni, mpaka akahisi anavuta maji badala ya hewa, akajitupa chini na kutambaa hadi mlangoni.

Alikwenda kumwita Mzee Kou, mganga wa hekaluni. Mzee alipofika alitazama juu, akanong'ona, "Mkeo alikufa maji?"

"Hapana, Mzee. Homa."

"Basi huyo siye. Huyo alizama mferejini, na hawezi kuondoka mpaka apate wa kufa maji badala yake."

Akachoma karatasi za dua, akagonga kengele. Kitu kizito kikashuka. Nyayo za maji zikapita sakafuni, zikatoka nje.

"Na Huilan?" Yushan aliuliza. "Hakurudi hata mara moja?"

Mzee Kou aliishusha kengele. "Alirudi. Alikuwa akisimama hapo dirishani. Nimepishana naye sasa hivi, anaondoka."

"Kwa nini asiingie?"

"Alikusikia ukicheka, mwanangu. Alidhani umeshapata mwenzio."

Yushan alitoka mvuani, akaita mpaka sauti ikamkauka.

Mawimbi aliyafumua. Mlima akaufuma pamoja na mvutaji wa kukodi, kijana mpole, mwenye maneno mengi. Yushan hakumjibu hata neno moja, macho yake dirishani.