Miadi Isiyomjua Shangazi

Shangazi ndiye aliyenilea na kunisomesha, na kunitania hakuchoka. Akinikuta kwenye kompyuta huuliza, "Bado unaitekenya tu? Haijacheka?"

Mimi ndiye niliyeandika programu ya kliniki ya macho ya mtaani kwetu. Iliwatumia wagonjwa ujumbe wa tarehe za miadi yao. Nilijiona fundi kweli kweli.

Shangazi alitibiwa hapo. Alikuwa na presha ya jicho la kushoto, akapangiwa upasuaji mwisho wa mwezi. Kisha simu yake ikaibiwa, akanunua laini mpya.

"Mwanangu, niwekee namba mpya huko kliniki."

Nilifungua rekodi yake, nikabadili namba. Kompyuta ikaandika: Imehifadhiwa.

"Tayari, Shangazi. Kaa mkao wa kula."

Vipimo vipya vilimtisha daktari. Akaamua upasuaji usingoje mwisho wa mwezi, ufanyike Jumatatu iliyofuata. Programu ikatuma ujumbe, lakini kwa namba ya zamani. Shangazi hakutokea, na kliniki ikadhani ameogopa. Alipokwenda mwisho wa mwezi, jicho lilikuwa limeshakufa.

Jirani yetu ni mwalimu wa kompyuta. Nilimpelekea programu.

"Kwenye programu yako, sehemu ya Mgonjwa ina nini ndani yake?" aliuliza.

"Jina na namba ya simu."

"Na Miadi?"

"Tarehe, jina na namba."

"Namba tena? Imetoka wapi?"

"Niliinakili siku miadi ilipofunguliwa."

Alishusha pumzi. "Basi ulibadili moja, nyingine ikabaki. Mgonjwa ni kitu kimoja, Miadi ni kitu kingine, na wewe hukuviunganisha. Miadi haimjui shangazi yako. Inajua tarakimu tu."

"Nifanyeje?"

"Futa jina na namba kwenye Miadi. Mahali pake mweke Mgonjwa mwenyewe. Wakati wa kutuma, Miadi imuulize yeye: namba yako ipi leo? Naye Mgonjwa awe na orodha ya miadi yake. Andika agizo moja linalounganisha pande zote mbili kwa mpigo, upande mmoja usisahau mwenzake."

Nilifanya hivyo. Nikabadili namba ya majaribio, na ujumbe ukafika kwenye namba mpya. Wiki iliyopita mama mmoja aliyebadili laini alipata ujumbe wake, akawahi upasuaji. Macho yake yote mawili yanaona.

Nilimweleza Shangazi kila kitu. Sikujificha. Nilimwambia kosa ni langu, na kwamba linaniuma kila nikimwona anapapasa kikombe mezani.

"Na sasa umerekebisha?" aliuliza.

"Ndiyo, Shangazi."

"Ilikuchukua muda gani?"

"Asubuhi moja."

Aligeuza uso wote ili anione kwa jicho la kulia.

"Asubuhi moja tu, mwanangu?"