Mtungi wa Baridi

Ukumbi wa benki ulikuwa umefurika na kiyoyozi kilikuwa kimekufa. Watu walijipepea kwa chochote kilichokuwa mkononi. Mzee mmoja katikati ya foleni alilegea magoti, akakalishwa sakafuni. Wakati kila mtu akimtazama mzee, binti mmoja mrefu, mwenye gauni la kitani rangi ya majani makavu, alisikia mlio juu ya kichwa chake. Ssssss.

Aliinua macho. Juu ya ngazi, kijana wa ovaroli ya buluu alikuwa ameifumua mashine matumbo nje.

"Samahani, kaka. Hiyo gesi unaiachia wapi?"

"Hewani, dada. Hewa ni kubwa."

"Si kubwa kama unavyodhani. Kilo moja ya hiyo inaipasha dunia joto zaidi kuliko kilo elfu moja za moshi wa gari."

Fundi aliufunga mpira wa gesi, mlio ukakoma. "Wewe umeshuka kutoka mbinguni?"

"Natoka idara ya hali ya hewa."

"Basi sijakosea sana."

Foleni nzima ilicheka, hata mzee aliyekaa chini. Binti naye alicheka, akashangaa kusikia kicheko chake mwenyewe. Kazi ya kutabiri joto ilikuwa imemkausha.

Wenzake walimwita fundi yule Baridi. Yeye alimwita binti Bi Mawingu, akamwomba namba, na kabla juma halijaisha simu ya binti ilipokea maneno haya:

*Bi Mawingu wa angani, mvua yako nishushie,*
*Nimeungua moyoni, kivulini nitulie.*

Alijibu: "Utabiri: hakuna mvua." Kisha akayasoma tena na tena, akitabasamu mbele ya ramani ya joto ya ofisini, iliyojaa wekundu.

Mapenzi yakashika. Baridi aliapa hataachia gesi hewani tena. Atainyonya yote na kuifungia mtungini. Lakini alipotaja ndoa, na mtoto mwenye macho kama ya mama yake, binti alimwachia mkono.

"Naogopa, mpenzi."

"Unaniogopa mimi?"

"Naogopa hesabu. Dunia ilisema itapunguza moshi na gesi. Imepunguza kasi tu. Kila mwaka tunaongeza, ila polepole kuliko tulivyohofia zamani. Kuna mitambo ya jua, kuna upepo, kuna magari ya umeme, yote hayo ni kweli. Bila hayo tungekuwa pabaya zaidi. Lakini tunakoelekea bado ni pabaya. Mtoto huyo unayemtaka, nimtabirie nini?"

"Si wameahidi?"

"Nimechoka na ahadi, Baridi."

Wiki iliyofuata ramani ilibadilika, wekundu ukageuka zambarau. Joto lingekaa juu ya jiji siku kadhaa, usiku na mchana. Binti alimfikiria mama yake, aliyeishi peke yake ghorofa ya juu kabisa, chini ya bati. Kabla hajapiga simu, Baridi alimpigia.

"Mrembo wangu, uko wapi?"

"Kazini. Na wewe?"

"Niko juu ya ngazi, kwa mtu mmoja unaye..." Nyuma ya sauti yake ukapita ule mlio. Ssssss.

"Ni nini hicho?"

"Subiri nikueleze, mpenzi."

"Hewa ni kubwa, sivyo? Nawe pia uliahidi."

Alikata simu, akaizima. Alilia chooni, akanawa uso, akarudi kuandika tahadhari ya joto. Alipoiwasha tena kumpigia mama yake, iliita bila kupokelewa. Akapiga tena. Ikaita. Akachukua mkoba bila kuaga mtu.

Ngazi za jengo zilikuwa kama tanuri. Kila ghorofa aliyopanda hewa ilizidi kuwa nzito, na bati lilikuwa likilia juu kama mifupa inayovunjika. Mlango wa mama yake ulikuwa wazi. Mama alikuwa amelala chali sakafuni.

"Mama!"

Mama alifumbua jicho moja. "Taratibu, mwanangu. Sakafu ndiyo yenye nafuu. Simu iko chumbani, sikutaka kuinuka." Akaonyesha kwa kidole cha mguu. "Hivi ni wewe uliyemkatia simu mwanaume wa watu akiwa kwenye ngazi yangu?"

Baridi alisimama pembeni ya mashine mpya, jasho likimchuruzika. Miguuni pake palikuwa na mtungi wa chuma wenye shingo ya manjano.

"Gesi ikiingia mtungini nayo hulia," alisema taratibu. "Mashine ya mama ilikuwa kuukuu. Nilisoma ramani yako, nikaogopa."

"Wewe? Uliogopa?"

"Sana. Dunia iliahidi, sijui itafanya nini. Mimi usinihesabu na ahadi. Nihesabu na mtungi."

Binti alichuchumaa, akauweka mkono kwenye chuma.

"Una joto."

"Unalo. Lakini limefungiwa."

Machozi yalimtoka, safari hii hakuyaficha. "Kesho jua litakuwa kali zaidi, Baridi. Na keshokutwa. Siwezi kukudanganya."

"Sikuulizi utabiri. Nakuuliza kama utanioa."

"Mwanamke huolewa," mama alisema kutoka sakafuni.

"Kwa joto hili, mama," Baridi alijibu, "atakayewahi ndiye aoe."

Binti aliinuka, akajifuta uso. Hofu haikuondoka; ilisogea kidogo tu, ikampisha mtu mwingine akae.

"Washa hiyo mashine kwanza," alisema, "mama apate hewa. Halafu ndiyo."