Jiko Katika Chumba cha Chatu

Kila asubuhi, Tabu alipomaliza kufagia uwanja na kumnawisha uso mdogo wake Stephano, ilifuata kazi ambayo hakuna mwenzake wa darasa la sita pale Pugu aliyekuwa nayo. Alikwenda kumwotesha nyoka jua.

Nyoka huyo alikuwa chatu, jina lake Mwali. Baba yao, Albano, alikuwa mcheza ngoma mwenye kibali cha kumfuga, na watu walimwalika kwenye sherehe kuanzia Gongo la Mboto hadi Temeke. Mwali aliishi stoo, ndani ya sanduku la mbao lenye wavu wa waya na kufuli. Tabu na Bibi walilivuta hadi barazani, nusu juani, nusu kivulini.

"Nyoka hana joto lake mwenyewe kama sie," Baba alizoea kusema. "Anaazima kwa jua. Akitosheka, anarudi kivulini."

Wiki ile Baba alikwenda msibani Masasi. Alipoaga, alimvika Tabu ufunguo wa kufuli shingoni. "Ukiona jambo hulielewi, nipigie kwa simu ya Bibi. Usijaribujaribu."

Kisha ikaja baridi ya Julai, na manyunyu yasiyokatika. Jua halikuonekana. Mwali alijiviringa kama ngata, akatulia. Tabu aligonga ubao, nyoka hakuinua kichwa.

"Anakufa," Tabu aliwaza. "Baba akirudi nitamwambia nini?"

Katika chumba cha mbele alilala mama yao, Margareta, aliyekuwa amejifungua karibuni. Kila asubuhi Bibi Marietha alimkanda kwa maji ya moto, kisha akamwekea jiko la mkaa chumbani apate joto. Tabu aliliona jiko likiingia. Aliona pia jinsi uso wa Mama ulivyochangamka. Akapata wazo.

Jumamosi Bibi alipokwenda gengeni na Mama alipopitiwa na usingizi, Tabu alilibeba jiko hadi stoo, makaa yamekolea vizuri. Akaziba dirisha kwa gunia, joto lisitoke.

"Dada, unamkanda nyoka?" Stephano aliuliza, akacheka mpaka pengo lake likaonekana.

"Namkanda. Usimwambie mtu."

"Basi mie nakaa na mgonjwa."

"Kaa, ila usiguse jiko. Mie naosha vyombo."

Akafunga mlango.

Masufuria yalikuwa na ukoko mgumu. Tabu alisugua huku akiimba. Alipomaliza, kichwa kilikuwa kikimgonga kidogo, akadhani ni njaa. "Stephano! Njoo ule kiporo!" Kimya. Stephano hakuwa mtoto wa kuitwa mara mbili kwenye chakula.

Tabu alifungua mlango. Joto zito likampiga usoni. Stephano alikuwa amelala sakafuni kando ya sanduku, mdomo wazi.

"We Stephano, amka!" Alimtikisa. Kichwa cha mtoto kiliangukia upande, kama hakina shingo. "Stephano! Stephano!"

Alimburuta hadi uwanjani, akapiga ukelele uliomtoa Mama kitandani, mtoto mchanga kifuani. Majirani wakajaa. Wa kwanza alikuwa Revelian, dereva wa bajaji. Alimtazama mtoto, akatazama mlango wa stoo, wala hakuuliza.

"Nyoka! Nyoka kamuuma mtoto!"

"Si nilisema mie?" alidakia Jesca, jirani wa nyumba ya pili. "Chatu si kuku, jamani! Mtu anafugaje chatu?"

"Mfungeni mguu! Leteni wembe achanjwe!"

"Tumuueni kwanza huyo shetani!" Mtu mwingine alikuwa ameshaokota mchi. Bibi aliingia mbio, nyanya zikimdondoka kwenye kapu.

Tabu aliutazama mlango wa stoo. Hakuna aliyejua habari ya jiko. Akinyamaza, nyoka ndiye atakayebeba lawama, nyoka hasemi. Kisha akauona wembe ukishuka kwenye mguu wa Stephano.

"Si nyoka!" alipiga kelele. "Ni mie! Niliingiza jiko, nikafunga mlango, nikaziba na dirisha! Nendeni mkaone, kufuli halijafunguliwa. Ufunguo huu hapa!"

Wembe ukasimama. Mchi ukashushwa. Bibi alishika kifua.

"Mungu wangu, mkaa! Revelian, baba, bajaji! Mpepeeni mtoto, mwacheni apate hewa!"

Hospitalini nesi aliuliza swali moja tu: "Kapatwa na nini?"

"Hewa ya mkaa," Tabu alijibu kabla ya Bibi.

Mara Stephano akavishwa kifaa cha kumpa hewa safi. Tabu alikaa kwenye benchi, asiweze hata kulia.

"Mkaa ukiwaka mahali palipofungwa hutoa hewa ya sumu," nesi aliwaeleza. "Haionekani, haina harufu. Mtu anasikia usingizi tu, basi. Mngesema kaumwa na nyoka, tungepoteza muda kutafuta alama za meno."

Baada ya muda mrefu Stephano alifumbua macho. "Dada," alisema kwa sauti ndogo, "mgonjwa kapona?"

Hapo ndipo Tabu alipolia.

Baba alirudi kesho yake, Stephano akiwa ameshapewa ruhusa ya kurudi nyumbani. Tabu alimweleza kila kitu, macho chini, akisubiri fimbo. Aliyezungumza kwanza ni Bibi.

"Usimlaumu peke yake, mwanangu. Kaliona jiko langu, hakuliona dirisha ninaloliachaga wazi. Na nesi kasema hata dirisha halitoshi. Jiko langu nalo limetoka chumbani tangu jana."

Baba alikwenda jikoni. Alijaza dumu dogo maji ya moto, yasiyochemka, akalizungushia kanga kuukuu, akamshika Tabu mkono akaugusisha. "Likikuunguza wewe, litamuunguza na yeye. Nyoka hajitambui akiungua, mpaka ngozi iharibike." Akaliegemeza nje ya sanduku, upande mmoja tu. "Upande wa pili uwe baridi, achague mwenyewe."

Walingoja. Taratibu Mwali alijikunjua, akatoa ulimi, akasogea kwenye dumu.

"Hodi!" Revelian alichungulia kutoka barazani. "Mgonjwa wetu leo ni yupi, wa miguu au wa tumbo?"

Stephano alicheka, pengo likaonekana. Baba hakucheka. Alichuchumaa mbele ya Tabu.

"Ungenipigia, haya yote yasingetokea. Huruma bila kuuliza inaweza kuua. Hilo usilisahau. Lakini watu walikuwa tayari kumpa nyoka kosa lako, nawe ukalichukua mwenyewe mbele ya wote. Kwa neno lako lile, leo nina Stephano."

Tabu alivua ufunguo shingoni, akamrudishia. Baba aliutazama kidogo, kisha akamvika tena.