Nani Aliyapanga Maghala?

Walikutana kwenye lifti iliyojaa watu hadi mlango ukakataa kufunga. Mwanamume alikuwa mwandishi wa programu, shati la samawati limepigwa pasi likakubali, wenzake wakimwita Mtanashati. Mwanamke alikuwa na gauni la njano, siku yake ya kwanza kazini, na begi la kompyuta lililomkandamiza yule bwana kifuani.

"Dada, begi lako linataka kuniua."

"Shuka basi, usubiri nyingine."

"Nishuke nikuache? Thubutu!"

Lifti nzima ikacheka. Haukupita muda wakawa wanaitana mpenzi, naye Mtanashati akambandika dada huyo jina: Fundi.

Na kweli alikuwa fundi. Programu ya kampuni ilikuwa imetawanyika katika maghala chungu nzima ya msimbo, yale maandishi yanayoiendesha. Mfanyakazi mpya alihangaika wiki nzima kuiwasha kwenye kompyuta yake. Fundi akayapanga yote chini ya ghala moja. Sasa unaandika amri moja tu, programu inaamka.

Mtanashati akaenda kwa bosi, akasema, "Nimeyapanga." Bila haya! Akapandishwa cheo, ofisi nzima ikampigia makofi, Fundi akiwa amekaa palepale.

Hakulia. Akanywa maji, akaendelea na kazi. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Kila wakija wateja wakubwa, bosi huleta kompyuta tupu na programu huwashwa mbele yao. Asubuhi ya siku moja kama hiyo Fundi akafunga ghala lile linaloshika mengine yote, akaomba ruhusa, akaenda zake saluni kusukwa.

Simu ikalia.

"Mpenzi," Mtanashati alinong'ona, "amri imegoma. Kioo kizima ni makosa matupu. Wateja wananitazama."

"Pole, mpenzi. Si uliyapanga wewe?"

"Tafadhali, usinifanyie hivi."

"Weka spika, wote wasikie. Au nikate?"

Akaweka.

"Haya, waambie. Nani aliyapanga maghala?"

Bosi akakohoa. Jasho lilimtiririka Mtanashati mpaka kwenye kola.

"Ni yeye. Mimi sikugusa hata faili moja."

Msusi akajipiga paja kwa furaha. Fundi akafungua ghala kwa simu yake. "Andika tena." Programu ikaamka.

Jioni Mtanashati alisimama mlangoni kwa Fundi, shati limekunjamana.

"Umenivua nguo mbele za watu."

"Ulikuwa umevaa yangu."

"Bosi amekupa cheo changu, pamoja na barua ya onyo kwa kulifunga ghala."

"Nitavipokea vyote."

"Nilitaka cheo ili nikuoe, Fundi. Bado nataka. Nisamehe."

Moyo ulimruka Fundi. Alimpenda mshenzi yule, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

"Kesho pita kwa kila aliyekupigia makofi, dawati kwa dawati, umwambie ulichosema leo. Ukimaliza, uje uniulize tena."

"Hata wafagizi?"

"Hata wafagizi. Walipiga kwa nguvu kuliko wote."

Akafunga mlango. Akasimama nyuma yake, akisikiliza viatu vya mpenzi wake vikiishia kwenye korido, mkono umeshika kitasa. Hakumwita.