Sauti ya Nela

Kabati la jikoni lilianza kugongwa alasiri moja Colombe akichambua maharagwe. Mapigo ya polepole, kutoka ndani. Alifungua. Mlikuwa na sahani na harufu ya waya ulioungua, basi. Akarudi kwenye maharagwe yake. Alikuwa amechoka mno hata kuogopa.

Kazi yake ilikuwa kuzipa filamu za mfululizo za kigeni sauti ya Kiswahili, katika stesheni ndogo ya televisheni kule Nyawera, mtaa wa Bukavu. Mwaka mzima alikuwa Nela, mwanamke wa kwenye chombo cha anga kilichokuwa kikisafiri gizani kutafuta dunia nyingine. Kisha wenye filamu huko ng'ambo wakaikatiza kwa kukosa watazamaji. Kipande cha mwisho kilimwacha Nela nje ya chombo, mlango umefungwa, anagonga, hewa inampungukia. Hakikuja kingine. Watu wa Bukavu walisikitika kidogo, wakageukia mpira.

Kesho yake Élodie, binti yake mdogo, alitokea chumbani.

"Maman, umeniita?"

"Hapana."

"Umeniita. Umesema nifungue mulango, hewa iko inaisha."

Colombe aliweka sahani chini taratibu. Maneno hayo aliyasema mwenyewe mbele ya mikrofoni.

Tangu hapo sauti ilitoka kabatini, ikatoka ndani ya bidoni la maji, ikatoka nyuma ya ukuta, nayo ilikuwa sauti yake mwenyewe, imebanwa kama ya mtu aliyezibwa mdomo kwa kitambaa, ikisihi bila kupumzika, na harufu ile ya waya ikamfuata mpaka kwenye shuka, hata jioni moja akamkuta Élodie amesimama mbele ya kabati, midomo imekuwa ya buluu, anapumua kwa shida, anavuta kishikizo kwa mikono miwili huku akinong'ona, "Niko nakuja, maman."

Akambeba mbio hadi kwa jirani yao Maman Priscille, wa kundi la maombi, ambaye watu walimkimbilia mapepo yalipowasumbua. Priscille alisikiliza akiwa ameshika tama. Naye alionekana hajalala siku nyingi, kwa mikesha ya maombi.

"Huyo mwanamuke, mulimuacha wapi?"

"Inje ya mulango."

"Akiwa muzima?"

"Muzima."

"Basi mulitupa sauti haina mwenyewe. Jini imeiokota, imeivaa. Itaomba tu mpaka mutoto aifungulie."

"Nifanye nini, maman?"

"Umalize hadisi. Lakini usimuingize ndani. Ukimuingiza kule, ameingia kwako."

Kwenye stesheni, Ulrich, fundi wa sauti, alirudisha picha ya mwisho bila kuuliza mengi. Priscille alikaa pembeni na rozari yake. Nela akaanza kugonga. Colombe alitamani kumfungulia. Mwaka mzima walikuwa wametumia kinywa kimoja. Akasogelea mikrofoni.

"Mulango haufunguke," alisema kwa sauti ya Nela. "Hewa imeisha. Nilale sasa."

Koo lake likakataa, likatoa kwikwi isiyo yake, na ndani ya kwikwi hiyo maneno ambayo hakuyataka: "Colombe, unihurumie, nimechoka inje huku." Ulrich alivua ekuta, vile visikizio vya masikioni, uso umembadilika. Colombe akafumba macho, akarudia, akarudia tena huku machozi yakimtiririka, mpaka koo likalegea, na kugonga kukanyamaza kwenye picha ilhali mkono wa Nela bado ulikuwa ukipiga mlango.

Nyumbani kabati lilitulia. Élodie akalala vizuri, midomo imerudi rangi yake. Ila Colombe alijisikia ameua mtu. Mwishowe akaenda parokiani kuomba misa ya kumwombea Nela.

"Ni ndugu yako?" katibu aliuliza.

"Ni rafiki."

Jumapili abbé, padri wao, aliwaombea marehemu, akalitaja na jina la Nela. Watu wakaitikia, "Utusikie, ee Bwana." Colombe alifungua kinywa aitikie pamoja nao, hakikutoka kitu. Nyuma yake, kwenye benchi lisilo na mtu, sauti yake mwenyewe iliitikia, imechoka, safi kabisa, haijabanwa tena.